Kabla hujatia saruji nyumba ya Mji Mkongwe

Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Zanzibar, iliporomoka pale Forodhani, na watu wawili wakafariki. Tangu siku hiyo mama hakubali kulala chumba cha juu mvua ikinyesha. Nyumba yetu iko Kiponda, ya mawe, na ukuta wa upande wa kichochoroni ulikuwa unamwaga mchanga kila mtu akiuegemea. Kwa hofu ile nikatafuta fundi wa haraka. Akaukwangua wote, akautia plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Mama akafurahi, nami nikajiona nimetimiza wajibu wa mtoto.

Masika ya pili rangi ikavimba malengelenge. Nilipoyatumbua, chumvi ikamwagika kama unga. Kisha plasta ikaanza kuachia, ikishuka na mawe yake.

Fundi mmoja mzee wa chokaa ndiye aliyenielewesha. Aliweka kiganja ukutani akasema, "Mwanangu, umeuziba pumzi." Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Zinavuta unyevu ardhini na kwenye mvua, kisha zinautoa taratibu kupitia chokaa. Saruji haiupitishi. Maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na jiwe laini linasagika.

Ndipo nikaenda kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, pahala nilipopaswa kuanzia kwa kuomba kibali. Siku zote niliamini kanuni zake za ujenzi ni za kuwapendeza watalii na kulinda hadhi ya Urithi wa Dunia tuliyopewa mwaka 2000. Nilipozisoma nikiwa na ukuta wangu akilini, niliona mambo mengine kabisa. Kwa hiyo ewe mwenye nyumba, kila ukikutana na katazo, uliza linaikinga nyumba yako dhidi ya nini.

Chukua boriti. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ukivunja ukuta wa kati ili upate sebule pana, umeondoa mahali boriti zinapolala. Ukimimina zege juu yake, umezitwika mzigo zisioweza kuubeba. Iliyooza ibadilishwe kwa boriti nyingine, moja moja. Lakini kwanza ziba paa na uzibue mifereji, maana boriti huanza kuoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, usipopaona. Igonge kwa nyundo usikilize.

Madirisha ya mbao yanapitisha upepo hata yakiwa yamefungwa. Ya alumini ya kuteleza hufunguka nusu tu, kisha unanunua kiyoyozi, na maji ya kiyoyozi yanadondokea ukuta uleule mwaka mzima.

Na baraza, kile kiti cha mawe kilichojengwa nje ya ukuta wa nyumba, tafadhali, usiivunje. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona mabaraza yakikatwa ili mlango wa duka upanuke. Masika maji yakijaa kichochoroni, watu hupita juu ya baraza. Jioni wazee hukaa pale, na mtoto anayepita hawezi kupotea. Mtaa wenye nyumba nzuri usio na pa kukaa si mtaa wetu tena.

Kazi ya chokaa inachelewa. Hupakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingojewa na kunyunyiziwa maji isikauke kwa pupa. Kama nyumba ni ya warithi wengi, kubalianeni mapema juu ya fedha na muda, kabla fundi hajaja.

Ukuta wetu umefika nusu. Tuliubandua saruji yote, tukauacha wazi miezi kadhaa utoe unyevu. Mama hupita asubuhi akaugusa kwa kiganja kama alivyofanya yule fundi. Chumba cha juu bado hajarudi.