Majibu yamebadilika baada ya upasuaji

Dada yangu wa Kadutu, Bukavu, pole sana. Unasema kabla ya upasuaji waliona saratani ya titi ndani ya mirija ya maziwa tu, sasa karatasi ya maabara inasema imevuka na kufika kwenye tezi moja ya kwapani, na unahisi ulidanganywa. Nami nilipita hapo hapo. Nililia njia nzima hadi Nyawera.

Sindano ya kwanza, ile ya kupima kabla ya upasuaji, huchota vipande vidogo tu. Baada ya upasuaji, uvimbe na tezi hukatwakatwa na kutazamwa kwa darubini, na kilichojificha ndipo huonekana. Ugonjwa haukukua usiku mmoja.

Omba nakala ya karatasi hiyo, uitunze. Muulize daktari: vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za saratani zinazonasa homoni, vipo? HER2 je, ile protini inayoweza kuzifanya seli za saratani zikue haraka? Majibu hayo ndiyo huchagua dawa. Mimi vipokezi vilikuwepo, nikapewa tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni vinavyomezwa miaka 5 au hata 10. Nenda na yaya wako, yaani ndugu yako mkubwa, yeye aandike; mimi siku ile sikushika hata neno moja.

Na tafadhali, usiache dawa ukabaki na chumba cha maombi peke yake. Tuombe, na umeze dawa. Usiku usingizi ukikataa, niandikie.