Mji wa kustaafia milimani: angalia mwinuko kwanza
Kwa mstaafu anayetaka kuishi karibu na njia za kupanda mlima, mwinuko mzuri ni chini ya mita 2,500, hata kama vilele unavyovipenda viko juu zaidi. Kuanzia hapo ndipo ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata wengi. Ukifika mita 3,000, kanieneo ya hewa (yaani mgandamizo wake) ni kama asilimia 70 tu ya ile ya pwani, na oksijeni katika kila pumzi hupungua kwa uwiano huohuo. Mchana unaweza usione shida. Usiku ndio mtihani: nimewahi kulala kwenye mwinuko huo nikawa nashtuka kila mara, pumzi imekatika, moyo unadunda. Ndiyo maana wapanda milima hupanda juu mchana, wakashuka kulala chini.

Mwili huzoea baada ya siku au wiki kadhaa, ni kweli, lakini mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amuone daktari kabla hajanunua nyumba. Na tafadhali, pima mwendo hadi hospitali yenye huduma ya dharura, tena msimu ambao barabara ni mbovu.