Jibu: Kwa nini anauza karafuu zikiwa bado mtini?

Ndugu yangu, umeuliza vipi mtu wa Pemba auze karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu u karibu. Ukasema ni ujinga. Si ujinga, wallahi.

Mwaka 2013 Mani, Mullainathan, Shafir na Zhao walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alipimwa kabla ya mavuno, mkono mtupu, na tena baada ya mavuno. Kabla, alishindwa zaidi kwenye mafumbo. Akili ni ileile, ila ilishikwa na madeni.

Nilimwona shangazi yangu, Micheweni, kakaa barazani, kafungua fundo la kanga: hii ya unga, hii ya daftari la skuli, hii deni la dukani. Anarudia kuhesabu. Mnunuzi akataja bei, naye akaitikia bila kuinua uso. Na ndiye huyo tunayemwendea mambo ya mirathi yakitutatiza!

Kwa hivyo huyo jamaa yako usianze kumfunza hesabu. Muulize kwanza anadaiwa nini wiki hii, na kama unaweza, mkopeshe mpaka achume.