Re: Nyanya zinaoza kitako, dawa haisaidii

Habari mkuu. Umesema nyanya zinaanza doa jeusi kitakoni zikiwa bado mbichi, umepiga dawa ya ukungu mara tatu na bado. Acha kupiga, huo sio ukungu, tunda linakosa kalsiamu.

Kabla hujanunua chochote ingiza kidole kwenye udongo, chini ni mkavu? Mimi kiangazi nilikuwa namwagilia maji mengi Jumamosi halafu basi mpaka katikati ya wiki, na kalsiamu inapanda na maji kwahiyo yakikatika haifiki kwenye tunda hata kama ardhini ipo tele. Nikaanza kumwagilia kila asubuhi kwa kiasi, nikatandaza nyasi kavu ila zisiguse shina, na mbolea ya urea nikaacha kabisa maana inasukuma majani tu. Zilizooza chuma zote, hazitapona, inauma najua. Nyanya zilizoanza kutunga baada ya hapo zilitoka safi kabisa.

Kama umepanda kwenye ndoo au viroba ndo kuwa makini zaidi, vinakauka haraka mno. Na kama hata majani yana madoa basi hicho ni kitu kingine, weka picha tuone.