Unajiita mbunifu, umebuni nini?

Wiki iliyopita msomaji mmoja kanitumia meseji, kauliza kwa heshima kabisa lakini swali limenikaa moyoni mpaka leo. Kaandika, "Dada shikamoo, naona unajiita mbunifu wa mavazi, sasa kanga hujachora wewe, magauni watu wameshona tangu sisi hatujazaliwa, wewe hasa umebuni nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa hapa maana najua wengi mnaonisoma mna cherehani ndani au mnaitafuta, na wote tunataka siku moja jina letu liwe kwenye lebo, na hili neno mbunifu sasa hivi kila mtu kalibandika kwenye ukurasa wake.

Kubuni ni neno zito jamani. Wanasema asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kujenga, na anayechora nyumba tunamwita mbunifu majengo, na huyo hawezi kujipa hicho cheo hivi hivi, kuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, usiposajiliwa sheria haikutambui. Kwenye nguo hamna bodi, ukiamka asubuhi ukaamua wewe ni mbunifu basi ushakuwa. Af neno hilo hilo lina upande wa pili, habari za kubuni ni habari za uongo, kwahiyo anayejiita mbunifu na hana alichojenga anakuwa amebaki na ule upande wa pili tu. Nasema hivi sio kwa kumsema mtu, nasema kwasababu linaniuma.

Mimi nimelelewa Tanga na bibi. Bibi akiingia dukani kununua kanga alikuwa anasoma jina kwanza, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, rangi inafuata baadaye, na kama jina halijamgusa hata kanga iwe nzuri vipi anairudisha. Sasa nilipoanza kushona Dar (miaka ya kujifunza naiacha, kila fundi anaijua) nikawa naona kitu kinanikera, mteja analeta doti yake, anataka gauni, na fundi yeyote akishakata jina linaishia kwenye upindo wa ndani au linapita katikati ya zipu, hakuna wa kulisoma tena. Yaani kanga imekuwa kitambaa tu. Nikawa najiuliza hivi bibi angeliona hili gauni angesema nini.

Hapo ndo nikapata mshono wangu. Nachukua kanga yenye jina fupi la maneno mawili, mfano WEMA HAUOZI, nakata kile kipande cha jina, natenganisha maneno, natia kitambaa kigumu ndani, unapatikana mkanda wa kiunoni, WEMA linakaa mbele, HAUOZI linakaa nyuma, ubavuni naunganisha na vipande vya pindo la kanga. Zipu naihamishia ubavuni maana ikikaa mgongoni kama kawaida inapasua neno. Mtu akikuona kwa mbele anasoma nusu, ukigeuka ndo anamalizia. Gauni la kwanza nilimshonea shangazi yangu akavaa kwenye send-off, na wamama walikuwa wanamwambia geuka tena tuone! Kwa kweli najivunia ule mkanda, na sitaacha kujivunia.

Kwahiyo mdogo wangu, kanga sijachora na gauni sijaanzisha, ni kweli. Lakini hebu angalia kanga yenyewe ilivyopatikana. Inavyosimuliwa, wanawake wa pwani karne ya 19 walikuwa wananunua leso za kushika mkononi zikiwa bado ni jora, leso ambazo neno lake lenyewe ni la Kireno, wanakata vipande vya leso tatu tatu, wanashona viwili pamoja, inapatikana nguo moja kubwa ya kujifunga. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Hawa wamama hawakufuma uzi wala hawakuchapa ua hata moja! Walichofanya ni kukitazama kitu cha mtu na kuona kazi nyingine ambayo mwenyewe hakuiona, na majina yenyewe ya kanga yamekuja baadaye, yakaandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Hatuwajui majina hao wamama na bado tunavaa kazi yao. Sasa nani atasema hawakuwa wabunifu?

Sasa nije kwenye lililonichoma. Baada ya picha za shangazi kuzunguka, duka moja la hapa mjini likaanza kuuza magauni yenye mkanda wangu, picha nzuri, modo mzuri, na chini wameandika ubunifu wetu. Nikazivuta zile picha nikaziangalia vizuri. Wametumia kanga ya jina refu, wamelikata popote mkasi ulipofika, zipu iko mgongoni imepasua neno katikati, ukilisoma halisemi chochote, ni herufi tu zimezunguka kiuno. Nililia, nakwambia ukweli. Kuibiwa kunauma ila kilichonimaliza ni kuona wamechukua mkanda wakaacha sababu ya mkanda, hawakujiuliza hata kidogo kwanini zipu yangu iko ubavuni.

Nikafuatilia mambo ya hakimiliki. Sheria yetu ya 1999 inailinda kazi tangu inapotengenezwa, inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, ila inalinda kazi yenyewe kama mchoro au picha, wazo likiwa wazo tu halilindwi. Kwahiyo chora. Kila mshono unaoutoa kichwani uchore, andika tarehe, piga picha hatua kwa hatua, hata kama mchoro wako mbaya chora tu.

Na nyie mnaopenda kukopi mnisikilize, kujifunza kwa kuiga sio dhambi, sote tulianza kwa kuchungulia mshono wa mtu, ila ukishaiga sema umeiga, na kama hujabadilisha kitu jiite fundi. Fundi ni jina la heshima! Fundi anayenyoosha mshono na kumaliza kazi kwa siku aliyoahidi ana thamani kuliko mbunifu wa kwenye simu. Mnaogopa nini kuitwa mafundi?

Kuna dada mmoja Mwanza alinipigia, akaomba ruhusa autumie mkanda, nikamwambia tumia. Akaja kunitumia picha za harusi, kawashonea mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi, neno la kwanza kiunoni kwa mmoja, la pili kwa mwenzie, mpaka wasimame pamoja ndo jina linatimia. Mimi hilo sikuliwaza hata siku moja. Nikampigia nikamwambia mdogo wangu hii ni yako, usiandike jina langu, andika lako. Huyo kabuni, na hata mtu akimuuliza kabuni nini anaweza kueleza bila kubabaika, na ndo kipimo ninachokitumia mimi, sina kingine.

Mwisho kwa wanaouliza kila siku inbox kuhusu majina marefu, msilikate. Jina la maneno matano sita halikai kiunoni hata ulibane vipi, lishushe chini kwenye pindo la sketi lizunguke zima, anza kulipanga kuanzia kwenye mshono wa ubavu wa kulia wa mvaaji ili neno la kwanza litokee mbele, na ukate kanga zote mbili za doti kwa pamoja maana moja peke yake haifiki.