Niliapa Wallahi sitakanyaga tena kwa kaka yangu, sasa nifanye je?

SWALI: Asalaam alaikum Shehe. Mimi niko hapa Goma, nauzisha unga na mafuta kule Birere. Kaka yangu mukubwa alikopa makuta kwangu akasema ni ya wiki mbili tu, miezi ikapita, siku nilimuuliza akanijibu vibaya mbele ya batu, hasira ikanipanda nikasema Wallahi sitakanyaga kwake mupaka nife. Sasa mama yetu analia kila siku, nami nataka kurudi lakini naogopa kuvunja kiapo. Nifanye je?

JIBU: Wa alaikum salaam mdogo wangu. Kuogopa jina la Mungu ni vizuri, ila hapa umeliogopa fasi yenye haifai. Soma Sura ya Baqara aya 224, Allah anatukataza tusifanye jina lake kuwa kizuizi cha kutenda wema na kupatanisha watu. Na nitakuambia wazi utanisamehe, wengi wetu tunakipenda kiapo cha namna hii juu kinatuachia kununa huku tunaonekana wachamungu.

Hii si mupya. Abu Bakr, rafiki wa Mtume na baba ya Bibi Aisha muke wa Mtume, alikuwa na jamaa yake maskini, Mistah, yeye njo alikuwa anamlisha. Ile wakati Bibi Aisha alizushiwa uongo pale Madina, Mistah naye akawa kati ya waliousambaza, hebu fikiri, mutu anakula kwako halafu anamchafua binti yako! Abu Bakr akaapa hatampa tena kitu. Ikashuka aya 22 ya Sura ya Nur, wenye uwezo wasiape kuwanyima jamaa zao, wasamehe, kwani hawapendi Mungu awasamehe? Abu Bakr akasema ndiyo napenda, akamrudishia matumizi yake. Wewe yako ni deni la biashara, linauma sikatai, lakini haifiki pale.

Kwa hiyo rudi. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kuapa kisha akaona jambo lingine ni bora, alifanye hilo bora na atoe kafara, yaani malipo ya kuvunja kiapo, hadithi ya Muslim hiyo. Kafara iko Sura ya Maida aya 89: kulisha maskini 10 chakula cha kadiri, kile unalisha watu wa nyumba yako, ao kuwavalisha, ao kuacha huru mtumwa, na hiyo ya mwisho leo haiko. Kama kwako munakula bugali na sombe na samaki wadogo wa sambaza, basi wape hiyo, usitafute kitu cha kuwatupia tu. Wanachuoni wengi wanasema ni chakula chenyewe, siyo makuta. Kufunga siku 3 ni kwa asiyeweza kulisha, na wewe mwenye kuuzisha unga usije ukaniambia utafunga!

Sasa ile hasira yenyewe. Mtume alituonyesha cha kufanya nayo: umesimama, kaa, haijatoka, lala. Abu Dharr, sahaba wa Mtume, njo mwenye kuisimulia, na yeye aliifanya, alikuwa kwenye hodhi lake la maji mutu akaja akalibomoa, akakaa chini, kisha akalala. Watu wakashangaa. Kwako pale dukani, siku kaka anakujibu vibaya, kaa kwenye mufuko wa unga, sema Audhu billahi mina shaytwani rajim, ni kusema najikinga kwa Mungu na shetani, funga mudomo. Batu watacheka, wacha bacheke, kicheko chao hakina kafara.

Ukifika kwake anza wewe kusalimia, juu Mtume amesema Muislamu si halali kumsusa nduguye kupita siku 3, na aliye bora wao ni yule anayeanza na salamu. Asipofungua mulango, urudi tena siku ingine. Na tafazali usiulize deni siku hiyo hiyo. Baadaye mukae na mama ao mujomba, mupange atalipa kidogo kidogo, na safari hii muandike na mashahidi wawepo, maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Baqara 282, ni ya kuandika deni, na haikusema ndugu asiandikiwe.

Wallahu aalam.