Maswali yenu: VC10 za East African Airways ziliishia wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Baba mkubwa alikua fundi wa East African Airways hapo Entebbe na mpaka leo anashikilia kwamba ndege yao moja, ile VC10, iko Uingereza inatunzwa makumbusho. Vijana hapa nyumbani wanasema mzee anaota. Nani mkweli? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Marahaba. Mzee ndio mkweli, na hao vijana wakae naye chini wamsikilize vizuri maana watu waliozishika zile ndege kwa mikono yao wanazidi kupungua.

Iko hivi. East African Airways ilianza 1946, ikawa mali ya Uganda, Kenya na Tanzania, na Super VC10 ilizonunua, jeti kubwa za abiria zilizotengenezwa Uingereza, zilikua tano. Zilitufaa sana hizi ndege kwa sababu Nairobi na Entebbe ziko juu na jua ni kali, hewa inakua nyepesi, injini inakosa nguvu na bawa linabeba kidogo, sasa Waingereza walichofanya ni kuweka injini zote nne mkiani, mbili kila upande, bawa likabaki wazi lote kwa ajili ya flapu kubwa za kuinua ndege haraka. Kila anayezikumbuka anakumbuka na ule mngurumo wa injini zake za Conway, unausikia mpaka kifuani.

Sasa kujua ipi ni ipi soma herufi za usajili, 5X ni Uganda, 5Y Kenya, 5H Tanzania. Zenye usajili wetu zilikua 5X-UVA na 5X-UVJ. UVA ilipata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikiwa kwenye mbio za kupaa, watu 43 wakafariki, Mungu awarehemu. Zile nne zilizobaki, shirika lilipovunjika 1977 mwaka uleule Jumuiya ilipokufa, zikarudi Uingereza, jeshi la anga la huko likazichukua likazigeuza matenki ya kuzipa ndege nyingine mafuta hukohuko angani, na zikapewa namba mpya ZA147 mpaka ZA150. Yani ndege iliyokua inabeba wanafunzi wetu kwenda London ikaishia kuvuta mipira ya mafuta mitatu, mmoja chini ya tumbo na mmoja kila bawa, na ikafanya kazi hiyo miaka mingi kuliko ile iliyofanya kwetu!

UVJ yetu ilikatwa ikawa skrepa, na hilo linaniuma, kwa sababu ndio ilikua ya mwisho yenye herufi za Uganda. Anayoisema baba mkubwa nadhani ni 5H-MOG, yani ZA150. Hiyo ndio VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, mwaka 1970, kati ya 54 zote zilizowahi kutoka. Septemba 2013 ilitua uwanja wa Dunsfold huko Uingereza ikachukuliwa na makumbusho ya Brooklands Museum, watu wa palepale Weybridge ilikozaliwa. Ina rangi ya kijivu ya jeshi. Mimi ningetamani hata upande mmoja tu wapake rangi zetu za zamani, maana hiyo ni historia ya watu wa Entebbe, Embakasi na Dar pia.

Kama mzee ana picha, angalia mbele upande wa kushoto, VC10 zetu zilinunuliwa na mlango mkubwa wa mizigo hapo, za abiria za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la wakati huo, hazikua nao. Na tafadhali andikeni majina ya watu nyuma ya kila picha kwa penseli laini, sio kalamu ya wino, wino unapenya.

SWALI: Ni kweli jeti ya kwanza ya abiria duniani ilipita Entebbe? (Msomaji, Arua)

JIBU: Kweli kabisa. Tarehe 2 Mei 1952 jeti ya Kiingereza aina ya Comet ya BOAC, usajili G-ALYP, ilitoka London ikapita Rome, Beirut, Khartoum, ikatua Entebbe, halafu Livingstone na Johannesburg. Ndio ilikua safari ya kwanza ya jeti yenye abiria wa kulipa tiketi. Ndege hiyohiyo Januari 1954 ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Mabaki yakatolewa baharini, na Comet nyingine ikazamishwa kwenye tenki la maji kule Farnborough, Uingereza, wakawa wanaijaza presha na kuitoa, tena na tena, mpaka bodi ikachanika, ndio ikajulikana kwamba chuma kilikua kinachoka. Kipande cha paa la G-ALYP kiko Science Museum, London. Ukikiona utaona matundu ya antena yenye kona, ufa ulianzia hapo, na Comet zilizotengenezwa baadaye zikawekewa madirisha ya mviringo.

SWALI: Na MiG za Amin je? (Msomaji, Bombo)

JIBU: MiG-17 na MiG-21 kadhaa, ndege za kivita za Kirusi, ziliharibiwa zikiwa chini usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, Waisraeli walipokuja na ndege za mizigo za kijeshi aina ya Hercules kuchukua mateka wa ile Airbus ya Air France iliyotekwa nyara. Mnara wa kuongozea ndege wa uwanja wa zamani bado umesimama na matundu ya risasi yanaonekana. Ila hapo ni eneo la jeshi, kwa hiyo omba ruhusa kwanza kabla hujatoa simu kupiga picha.